Kufa kwa Ajili ya Mwenzako Si Kujiua, Ila Chunga Mpaka

Mtu akijitosa Mto Mathare uliofurika kumtoa mtoto wa jirani, mtoto akapona yeye akafa maji, amejiua? Kanisani na msikitini jibu ni hapana. Shida ni kwamba wahubiri wetu husoma Yohana 15:13, kwamba hakuna upendo mkuu kuliko kutoa uhai kwa ajili ya rafiki, wakaitikiwa amina, wakaishia hapo. Msikilizaji anarudi nyumbani akidhani kila kifo cha upendo ni halali.

Kipimo ni hiki: tuseme mtoto kaokoka na wewe umetoka mzima. Umefanikiwa au mpango umeharibika? Aliyejitosa kuokoa atashukuru. Aliyekuwa akitafuta kufa atasononeka. Kwa yule wa kwanza kifo ni gharama aliyokuwa tayari kuilipa. Hakukitaka, wala si kifo chake kilichomwokoa mtoto.

Hapo ndipo figo na moyo vinapoachana. Anayetoa figo moja hubaki na ya pili, na kupandikiza figo hufanyika hapa hapa Nairobi. Lakini baba akitaka atolewe moyo apewe mwanawe, kifo chake ndicho kinakuwa njia yenyewe. Baraza la Fiqhi la Jeddah, la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, lilikataza mwaka 1988 kumtoa mtu aliye hai kiungo ambacho uhai wake unakitegemea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, yaani kitabu cha mafundisho yake, namba 2296, inafika palepale. Upendo wa baba hauna shaka, ila tendo linakataliwa.

Tarehe 11 Julai 2017 Papa Fransisko alifungua njia mpya ya kumtangaza mtu mwenye heri, hatua ya kabla ya kutangazwa mtakatifu: kutoa uhai. Masharti yake ni makali. Mtu ajitoe kwa hiari, akikubali kwa upendo kifo cha hakika na cha mapema. Awe ameishi fadhila za Kikristo, walau kwa kiwango cha kawaida. Sifa yake ya utakatifu ienee, hata kama ni baada ya kufa. Na muujiza upatikane. Sharti linalosumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kifo kitokane na kule kujitoa. Muuguzi aliyehudumia wagonjwa wa Ebola, akafa miaka mitano baadaye kwa kisukari, ni mtu mwema sana, lakini hapiti kwa mlango huo.

Upande wa Kiislamu, Qur'ani 5:32 yasema aliyeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote, na 2:195 yakataza kujitupa katika maangamizo. Zisomwe pamoja. Asiyejua kuogelea hadaiwi kujitosa. Anadaiwa kamba, mti mrefu, mayowe, au mtungi mtupu wa lita 20 uliokazwa kifuniko, ambao huelea na kumbeba mtoto.

Mfano wa kujitoa bila kutafuta kufa tunao hapa Kenya. Desemba 2015, wavamizi walipolisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikataa, akapigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata akitibiwa Nairobi. Wanawake wa Kiislamu katika basi hilo waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike, na hao waliojifunika wakatoka wakiwa hai.