Kurudiarudia neno hakupandishi ukurasa

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba neno linalotafutwa likijazwa kila sentensi, ukurasa wa tovuti utapanda juu katika matokeo ya Google. Wengine huhesabu hata neno hilo ni asilimia ngapi ya maandishi yote. Imani hiyo haikuzuka tu: mitambo ya utafutaji ya miaka ya 1990 ilitegemea sana kulinganisha maneno, na marudio yalisaidia kweli. Sasa kanuni za Google zinakataza kurundika maneno, na ukurasa unaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Ile orodha ya maneno (meta keywords) inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, ambayo msomaji haioni, nayo Google haiihesabu katika kupanga matokeo. Ilitangaza hivyo Septemba 2009.

Maneno bado yana uzito, ila kikubwa ni mahali yanapokaa. Neno kuu liwe kwenye kichwa cha ukurasa na mapema katika aya ya kwanza. Kwenye vichwa vidogo, pale tu linapoingia bila kulazimishwa. Baada ya hapo andika kama unavyomweleza mtu. Anayetafuta “kuosha zulia” na anayetafuta “kusafisha zulia” wanataka jibu moja, na ukurasa mmoja mzuri unawatosha wote wawili. Tafadhali usiwaandikie kurasa mbili.