Kuanza kupiga mbizi ziwani: uzito, tope na baridi

Wengi wanaokuja kwetu kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa huamini kwamba ziwani ni kwepesi kuliko baharini. Hakuna kupwa na kujaa, hakuna chumvi ya kuchoma macho, mawimbi mara nyingi ni madogo. Yote hayo ni kweli. Lakini ziwa lina tabia zake, na mimi kama mkufunzi wa usalama majini ningependa uzijue kabla hujavaa mapezi.

Tuanze na uzito, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji yasiyo na chumvi kwa asilimia 2.5 hadi 3 hivi, na ndiyo maana bahari hukubeba zaidi. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote ni kilo 100, akihama kutoka baharini kwenda ziwani, hupunguza kama kilo 2 au 3 za risasi, yaani vipande vya madini mazito vinavyovaliwa mkandani ili kuzama. Asipopunguza atazama upesi, kisha atajaza hewa nyingi kwenye jaketi la kuelea ili ajiinue. Hewa hiyo hutanuka kadiri anavyopanda na kumvuta juu kwa kasi asiyoitaka. Risasi za ziada hazimfanyi mwanafunzi awe salama, hata kama zinamsaidia kushuka haraka siku ya kwanza.

Jipime hivi: mtungi ukikaribia kwisha, simama wima majini bila kupiga miguu, toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida na uizuie kidogo. Maji yanapaswa kufika usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Tunangoja mtungi ukaribie kwisha kwa sababu mtungi wa lita 12 ukijaa hubeba karibu kilo 3 za hewa, na ukiisha utakuwa mwepesi kwa kiasi hicho.

Zoezi hilo la juu ya maji ndiyo mara pekee nitakayokuruhusu kuzuia pumzi. Ukiwa chini, pumua muda wote. Hewa iliyomo mapafuni kwenye kina cha mita 10 huongezeka maradufu ukifika juu, na mtu aliyejaza mapafu akazuia pumzi anaweza kuumia hata kwa kupanda mita moja na nusu tu. Panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, na pumzika dakika 3 kwenye kina cha mita 5.

Kisha tope. Sakafu ya maziwa mengi ni tope laini lililotulia kwa miaka, na pigo moja la pezi hulitimua lote. Dakika moja unamwona mwenzako, dakika inayofuata huoni hata mkono wako. Tope hilo huchukua muda mrefu kutua tena. Kaa mlalo, magoti yamekunjwa, miguu ipige kama ya chura ili maji yasukumwe nyuma badala ya chini. Mkikubaliana kabla ya kushuka kwamba mkipotezana mtatafutana dakika moja tu, kisha kila mmoja apande juu, hamtahangaika gizani. Beba tochi hata mchana.

Baridi nayo huja ghafla. Katika nchi zenye majira ya baridi na joto, maji ya juu yanaweza kuwa ya kuogeleka vizuri, kumbe mita chache chini kuna mpaka mkali, na ukiuvuka uso hufa ganzi. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4 za Selsiasi, ndiyo sababu yale ya baridi hukaa chini. Chagua vazi kwa joto la kina unachokwenda, usidanganywe na joto la ufukweni. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10, tumia kifaa cha kupumulia kilichotengenezwa kwa maji ya baridi. Cha kawaida kinaweza kuganda na kumwaga hewa bila kukoma.

Uliza pia ziwa liko juu kiasi gani. Kuanzia mita 300 juu ya usawa wa bahari, mahesabu ya naitrojeni, gesi ya hewa inayojikusanya mwilini ukiwa chini, hubadilika, na kompyuta ya mbizi, kifaa kinachofanya mahesabu hayo, lazima ijue mwinuko huo. Ziwa Geneva limeshapita kiwango hicho, na Titicaca la Amerika Kusini liko zaidi ya mita 3,800. Nyavu zilizotelekezwa hunasa watu, kwa hiyo kisu kiwe mahali unapokifikia kwa mkono wowote. Penye kichocho, vazi la mbizi halikukingi kabisa. Pima wiki 6 hadi 8 baadaye, hata kama hujisikii vibaya.

Yote haya hujifunzwa mbele ya mkufunzi, si peke yako. Kozi ya ngazi ya kwanza kwa kawaida hukutaka uogelee mita 200 na kuelea dakika 10, na ikiisha hukuruhusu kufika mita 18. Fomu ya afya ijaze kwa ukweli: pumu, moyo, masikio, dawa unazotumia. Nimewarudisha watu ufukweni kwa sababu ya mafua tu, na nitaendelea kuwarudisha, kwa kuwa sikio lililoziba haliwezi kusawazisha shinikizo, na kiwambo chake kinaweza kupasuka katika mita chache za kwanza.