Safu ya Mwisho ya Kaunta Buku

Jumamosi tulipofungua kliniki yetu ya bure Mbagala, kwenye ua wa madrasa, foleni ilianza mara baada ya sala ya alfajiri. Tulikuwa matabibu sita, wauguzi wanne, kundi la wanafunzi, maturubai mawili ya kukodi na bango refu kama kanga mbili zilizoungwa. Mpaka jua linazama tulikuwa tumeona watu zaidi ya 300. Tukapiga picha, tukala pilau, tukarudi makwetu vifua mbele.

Miezi mitano baadaye bibi mmoja akaketi mbele yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua fundo la kanga na kutoa kibahasha cha dawa kilichokunjwakunjwa, kitupu.

“Dokta mwanangu, hizi zilinifaa sana. Kichwa kiliacha kabisa. Nimekuja unipe nyingine.”

“Bibi, ulizitumia mpaka lini?”

“Si mpaka zilipokwisha?”

Tulikuwa tumempa vidonge 30 vya amlodipini, dawa ya kushusha presha. Kwa miezi minne hakumeza kitu, kwa sababu alijua amepona, na sisi hatukumwambia vinginevyo. Nilipompima, presha ilisoma 204 kwa 112. Nikaenda kufunua kaunta buku yetu: jina, umri, presha, sukari, dawa aliyopewa. Basi. Hakuna safu iliyouliza kama mtu huyu amerudi.

Malaria unaweza kuimaliza kwenye kambi ya siku moja. Unampima mtu kwa kipimo cha haraka, unampa dawa mseto ya siku tatu, kwaheri. Presha na sukari haziendi hivyo. Ukimwanzishia mtu dawa ya presha umeingia naye safari ya maisha, na kliniki yangu ilikuwa inawapandisha watu basi kisha inawashusha kituo cha kwanza.

Tukapunguza. Sasa tunaona watu 60, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Bango liko stoo. Lakini kabla ya hayo nilikwenda zahanati ya jirani kuonana na mganga mfawidhi. Nilidhani atatuona tunamwingilia. Kumbe kero yake ilikuwa nyingine: wagonjwa wetu walimfikia na vikaratasi visivyosomeka, wakidai waendelezewe dawa ambazo yeye hana. Siku hiyo tukakubaliana jambo ambalo kwangu ndilo kanuni ya kwanza ya kliniki ya kujitolea: dawa isiyopatikana zahanati, sisi hatumwanzishii mtu. Akikutwa na presha anaondoka na kadi yenye vipimo, jina la dawa na tarehe ya kuripoti zahanati, na kila Jumatatu mmoja wetu anapeleka orodha ya majina.

Meza yenye kazi kubwa kuliko zote siku hizi haina hata kidonge. Wanakaa mjumbe wa serikali ya mtaa na dada mmoja wa ustawi wa jamii. Kwa sera ya nchi, mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee wa miaka 60 au zaidi asiyejiweza wanatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Wazee wengi tunaowaona walikuwa na haki hiyo muda wote. Kilichokosekana ni kitambulisho. Barua ya mtaa inamsaidia mzee kuliko chochote ninachoweza kumwandikia mimi.

Halafu kuna benchi. Watu wanafika wamebanwa kwenye daladala, wamekunywa kahawa, wamebeba mtoto, mkojo umewabana, na mwanafunzi mwenye haraka anawavalisha mashine hapohapo. Hiyo si presha, ni habari za njiani. Mtu anatakiwa kukaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haikupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo. Mkanda nao uwe wa saizi yake. Mama mwenye mkono mnene ukimfunga mkanda mdogo, mashine itamzushia presha asiyokuwa nayo. Na hata ikisoma zaidi ya 140 kwa 90, unarudia, na unamwita siku nyingine kabla ya kumbandika jina la ugonjwa, isipokuwa imepanda vibaya kama ya yule bibi. Tumempa mwalimu mmoja mstaafu kazi hiyo tu, kulinda benchi. Hana cheti chochote cha afya, na tangu aanze, idadi ya “wenye presha” imeshuka wazi.

Kuhusu wanaojitolea nitasema kwa ufupi, maana hapa ndipo watu hunilaumu kwamba nina roho ngumu. Leseni nakagua, hata ya rafiki yangu. Mwanafunzi haandiki dawa. Sikubali “nitakuja nikipata nafasi”. Nataka Jumamosi mbili zilizotajwa tarehe. Nauli na chakula cha mchana tunatoa, maana muuguzi anayetoka Gongo la Mboto kwa fedha zake mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu simu yake haipatikani. Wenzangu madaktari ndio wepesi wa kupotea. Waliobaki ni wauguzi wastaafu, mwalimu, na fundi seremala anayebeba mabenchi.

Mifuko ya dawa kutoka kwa ndugu walioko ughaibuni tunairudisha kwa shukrani. Ni chupa zilizoliwa nusu, majina ambayo hapa hayajulikani, tarehe zinazokaribia kwisha. Shirika la Afya Duniani linataka dawa ya msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja inapoingia nchini, na dawa iliyokwisha muda huwezi kuitupa jalalani tu. Kuiteketeza kuna utaratibu wake na gharama yake. Leteni stripi za kupimia sukari, zenye boksi lililofungwa.

Kaunta buku ya sasa ina safu ya mwisho: “Zahanati, mwezi wa pili,” yaani kama mgonjwa ameripoti zahanati mwezi wa pili wa dawa. Mwezi wa kwanza tulipoijaza ilikuwa nyeupe karibu ukurasa mzima, na sikulala vizuri. Tukaanza kupiga simu. Wengi walikuwa na jibu lilelile: miguu ilivimba, jirani akasema dawa za presha zinaharibu figo. Kuvimba ni kweli, amlodipini hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, na dawa hubadilishwa. Figo huharibiwa na presha yenyewe. Sasa tunayasema yote mawili mapema, palepale kwenye dirisha la dawa, kabla jirani hajayasema.

Bibi alikuja Jumamosi iliyopita, 138 kwa 84. Malalamiko yake yalikuwa mawili: benchi gumu, na mwalimu hamruhusu kuongea.