Je, wajua kwa nini nyoka mwenye nimonia hutibiwa kwa joto kwanza?

Nyoka wa kufugwa akiinua kichwa, akaachama mdomo na kutoa mapovu puani, usidhani amekasirika. Anatafuta pumzi. Maradhi ya njia ya hewa huwasumbua sana nyoka wanaofugwa, na mmoja wao ni yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye akiogopa hujikunja akawa kama mpira. Kwa miaka mingi chatu hao wamesafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kwa wafugaji wa Marekani na Ulaya. Mfugaji akimfikisha nyoka wake kwa daktari, kabla ya kuzungumzia dawa ataulizwa swali moja: anapolala pana nyuzi joto ngapi?

Niliposoma mara ya kwanza kuhusu swali hilo, niliona nimelielewa bila kuelezwa. Sisi tukibanwa na mafua tunajifukiza. Unachemsha majani ya mwarobaini au mchaichai, unajifunika blanketi, unavuta mvuke, kamasi linalainika na kifua kinaachia. Nikadhani na nyoka hupashwa moto kwa sababu hiyo hiyo, kumpunguzia adha wakati dawa inafanya kazi yake. Yaani dawa ndiyo tiba, na joto ni huruma tu.

Sivyo kabisa, na kosa hili linaweza kumuua mnyama. Mtu anayejifukiza ana nyuzi 37 mwilini kabla ya kuingia chini ya blanketi, na akitoka bado zipo hapo hapo au karibu sana. Mvuke umemgusa pua na koo. Ini lake, figo zake na damu yake havijahisi tofauti kubwa. Sisi tunatembea na jiko letu tumboni, na chakula tunachokula ndicho mkaa wake. Nyoka hana jiko hilo. Anaota moto wa nje, wa jua au wa taa. Chumba kikikaa kwenye nyuzi 22, baada ya muda damu yake nayo itakuwa kwenye 22 au karibu na hapo, pamoja na ini, figo na chembe nyeupe za damu zinazopaswa kupambana na bakteria. Kwa hiyo ukimpasha nyoka moto, unabadilisha mwendo wa kila kinachofanyika ndani yake.

Aliyewahi kukanda unga wa maandazi asubuhi ya baridi kule Njombe au Limuru analijua jambo hili kwa mikono yake. Unga ni ule ule, hamira ni ile ile, kipimo hakikubadilika, lakini saa mbili zinapita donge limelala tu. Hamira haijafa, imepoa. Lisogeze karibu na jiko, litaumuka. Kinga ya nyoka aliyepoa iko hivyo hivyo: askari wote wapo, ila wanatembea kwa kujikokota, na bakteria waliomo mapafuni hawawasubiri.

Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jaribio ambalo hadi leo hunistaajabisha. Waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani, kisha wakawaweka katika viwango mbalimbali vya joto. Waliokaa kwenye joto la juu walipona kwa wingi. Waliokaa kwenye nyuzi 34, wengi walikufa. Hao walikuwa mijusi, na katika nyoka matokeo ya tafiti za namna hiyo hayajakubaliana, kwa hiyo si haki kusema kila nyoka mgonjwa hujitafutia homa yake mwenyewe kwa kusogelea joto. Ila kwamba kinga ya nyoka hulegea kwenye baridi, hilo halina ubishi.

Dawa nayo hufuata mkondo huo. Iko antibiotiki iitwayo seftazidimu. Binadamu mwenye figo nzima kwa kawaida huchomwa kila baada ya saa 8, kwa sababu figo zake huiondoa upesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba katika mwili wa nyoka inakawia kutoka, na tangu hapo madaktari wengi humchoma nyoka kila baada ya saa 72. Muda huo unakwenda na nyoka anayekaa kwenye nyuzi 30 hivi. Mweke kwenye baridi, na hesabu iliyoandikwa kwenye cheti si yake tena. Joto ni sehemu ya dozi.

Sindano hupigwa nusu ya mbele ya mwili, kwani sehemu ya damu itokayo nyuma hupitia kwenye figo kabla ya kurudi kwenye moyo, na ilihofiwa figo zingeiondoa dawa kabla haijaenea mwilini. Tafiti za karibuni zinaonyesha kuwa kwa dawa nyingi tofauti ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Desturi imebaki, na haina madhara.

Sababu nyingine ya kuharakisha ni kwamba nyoka hawezi kukohoa kama sisi. Hana kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Huvuta pumzi kwa kutanua mbavu. Pafu lake la kulia ni refu sana, na sehemu ya nyuma ni kama mfuko mwembamba wenye mishipa michache ya damu. Kohozi likishuka humo halina wa kulipandisha. Usaha wa reptilia nao hauwi majimaji kama wetu, huganda kama jibini, na dawa hupenya humo kwa taabu.

Lakini joto nalo lina mpaka. Kwa yule chatu mdogo, upande wa moto wa kizimba chake huwekwa kwenye nyuzi 31 au 32, usiku na mchana, na upande wa pili huachwa na ubaridi kidogo ili achague mwenyewe. Taa isiyo na kidhibiti humbabua ngozi. Hewa iliyokaushwa na taa huongeza uzito wa kohozi, na nyoka aliyekaukiwa maji akipewa amikasini, antibiotiki nyingine, figo zake huwa hatarini. Na kama chanzo ni virusi, kama wale waliotambuliwa katika chatu mwaka 2014, antibiotiki itawaua bakteria waliodandia tu. Ndiyo maana daktari makini huchukua sampuli ya kohozi, na nyoka mgonjwa hutengwa na wenzake.

Kinachowaponza wafugaji wengi huja siku chache baadaye. Nyoka akishapata joto, kohozi hulainika, mkoromo hupungua, mdomo hufungwa. Wanazima taa na kuacha sindano, ilhali bakteria bado wamo. Sindano 7 za seftazidimu binadamu huzimaliza kwa siku 2. Kwa nyoka, kutoka ya kwanza hadi ya saba ni siku 18, na taa inapaswa kuwaka usiku wote wa siku hizo.