Tathmini ya ndani ya ubora wa shahada: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ikitangazwa kwamba programu ya shahada itafanyiwa tathmini ya ndani, minong'ono huanza kabla ya kazi yenyewe. Mhadhiri mmoja anahisi anatafutwa yeye. Mkuu wa idara anaagiza mafaili ya miaka iliyopita yapangwe upya. Wanafunzi wanapewa dodoso jingine wasilojua litaishia wapi. Inasikitisha, kwa sababu hii ni mojawapo ya nafasi chache ambapo wote wanaofundisha shahada moja hukaa pamoja wakaitazama nzima, badala ya kila mtu kushughulika na somo lake.

"Wanakuja kumkagua mhadhiri"

Kinachotathminiwa ni programu. Maswali yake ni haya: mhitimu ameahidiwa kwamba atajua nini na ataweza kufanya nini? Masomo yamepangwa kwa mfuatano unaomfikisha huko? Mitihani inapima kile kilichoahidiwa? Walioingia wanamaliza, na kwa muda gani? Utendaji wa mhadhiri mmoja mmoja una taratibu zake nyingine, na ni vyema zibaki mbali na hizi. Vikichanganywa, watu huanza kuficha matatizo, na hapo hakuna tena cha kutathmini.

Zoezi lenye faida kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la kuchora jedwali: upande mmoja matokeo tarajiwa ya shahada, upande wa pili masomo yote, na katika kila kisanduku kuandikwa kama tokeo hilo linafundishwa, linafanyiwa mazoezi, au linapimwa. Jedwali hilo hufichua mambo ambayo hakuna mtu aliyeyakusudia. Mtaala unaahidi kwamba mhitimu ataweza kutetea hoja kwa maandishi, lakini katika miaka yote ya masomo hakuna anayemdai insha ndefu. Kila mhadhiri alidhani somo la mwenzake linafanya hivyo. Mada moja inafundishwa mara tatu kwa majina tofauti. Mwaka 1996 mtaalamu wa elimu John Biggs alieleza kwa nini upatano huu una uzito: matokeo yanayokusudiwa, shughuli za darasani na upimaji vinapaswa kuvuta upande mmoja, kwa sababu mwanafunzi hujifunza kile anachojua atapimwa. Pengo la aina hiyo halina mkosaji. Limetokea katikati ya masomo, mahali ambapo hakuna aliyepewa jukumu la kupaangalia.

"Ni maandalizi ya ithibati tu"

Ithibati ni kibali cha chombo cha nje kwamba programu inafikia viwango, na wengi hudhani tathmini ya ndani ipo kwa ajili yake tu. Mpangilio halisi ni kinyume chake. Viwango vya ubora vya eneo la elimu ya juu la Ulaya, vilivyopitishwa na mawaziri mwaka 2005 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2015, vinaanza na uhakiki wa ndani. Tathmini ya nje inafuata na kuegemea juu yake. Katika toleo la 2015, sehemu ya kwanza ina viwango kumi. Cha tisa kinataka programu zifuatiliwe mfululizo na kupitiwa kila baada ya kipindi fulani, na ni cha kumi tu kinachotaja tathmini ya nje. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki nalo, katika mwongozo wake wa ubora, liliweka kujitathmini kwa ngazi ya programu kwenye juzuu ya kwanza.

Chuo kinachongoja barua ya wakaguzi ndipo kianze kujiuliza maswali kinakuwa kimepoteza miaka kadhaa ya wanafunzi, na hao hawarudi darasani mtaala ukirekebishwa.

"Wanafunzi wetu wanafaulu, kwa hiyo programu ni nzuri"

Dhana hii ndiyo ngumu kuliko zote kuing'oa, maana inakuja na asilimia mkononi. Chukua mfano wa kubuni. Wanafunzi 80 wanadahiliwa. Kufikia mwaka wa mwisho, 30 wameshaondoka: wengine wameacha, wengine wamehama programu, wengine wameondolewa kwa kushindwa masomo ya mwanzo. Waliobaki ni 50, na 48 kati yao wanafaulu. Idara inaandika kwamba ufaulu ni asilimia 96, na haisemi uongo. Lakini ukihesabu kuanzia mlangoni, waliopata shahada ni asilimia 60. Tathmini ya kweli hulifuata kundi moja tangu siku ya udahili, ikauliza ni muhula gani watu wanapotea na ni somo gani linawaangusha. Mara nyingi upotevu haukusambaa sawasawa. Umejikusanya kwenye somo moja au mawili ya mwaka wa kwanza, na hiyo ni habari njema, kwani pa kuanzia panajulikana.

Takwimu za makundi madogo nazo zinahitaji subira. Katika darasa la watu 12, mwanafunzi mmoja ni zaidi ya asilimia 8. Ufaulu ukipanda au kushuka kwa kiasi hicho mwaka hadi mwaka, huenda hakuna kilichobadilika zaidi ya mtu mmoja kuugua. Heri kutazama miaka mitatu au minne kwa pamoja.

Tena kuna swali la mtihani wenyewe. Alama za juu katika mtihani unaotaka kukariri hazithibitishi kwamba mwanafunzi anaweza kuchambua. Ndiyo maana timu makini huomba sampuli za karatasi zilizosahihishwa, za juu, za kati na za chini, ikazisoma kwa kuzilinganisha na ahadi za shahada.

"Dodoso la wanafunzi linatosha"

Dodoso ni ushahidi mmoja, na una udhaifu unaojulikana. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015, wakufunzi wawili wa somo la mtandaoni, mwanamke na mwanamume, walifundisha kila mmoja kundi moja akijitambulisha kwa jinsia yake na jingine akijitambulisha kwa jinsia ya mwenzake. Wanafunzi walimpa alama za juu zaidi yule waliyedhani ni mwanamume, hata kwenye uharaka wa kurudisha kazi, ilhali kazi zilirudishwa kwa wakati mmoja. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2017, uliokusanya tafiti nyingi za awali, haukuona uhusiano wa maana kati ya alama wanazopewa wahadhiri na kiasi ambacho wanafunzi wamejifunza.

Hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuwanyamazisha wanafunzi. Yapo mambo ambayo hakuna anayeyajua kuliko wao: kama kazi zilizosahihishwa zinarudi kabla ya mtihani au baada yake, kama wiki moja imerundikiwa kazi tano, kama maabara inafunguliwa saa zilizotangazwa. Chukua mzigo wa masomo. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mzima una krediti 60, na krediti moja hukadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Makadirio hayo hukaa kwenye karatasi za mtaala. Anayeweza kusema kama yana ukweli ni yule anayezitumia hizo saa. Kwa hiyo mwanafunzi aulizwe kuhusu aliyoyapitia, na wawakilishi wao wakae mezani wakati majibu yanajadiliwa.

"Hiyo ni kazi ya kitengo cha ubora"

Kitengo hutoa miongozo, takwimu na ratiba. Hakiwezi kuamua kama mfuatano wa masomo ya takwimu kwenye shahada ya uchumi una mantiki. Hilo wanalijua wanaofundisha.

"Ripoti nzuri ni isiyo na kasoro"

Ripoti ya namna hiyo humfanya msomaji mzoefu ashuku. Idara iliyotazama kwa makini huona upungufu, huutaja kwa ushahidi na kueleza chanzo chake. Uongozi wa chuo una wajibu mkubwa hapa: kama programu iliyosema ukweli inaadhibiwa na iliyopamba inasifiwa, mzunguko unaofuata zote zitapamba.

"Ripoti ikipokelewa, kazi imekwisha"

Hapo ndipo tathmini nyingi hufia. Ripoti inafika kwenye bodi ya kitivo, inapokelewa, inahifadhiwa. Pendekezo la "kuimarisha uandishi wa kitaaluma" halitekelezeki kwa sababu halina mwenyewe. Lingeandikwa hivi lingekuwa na nafasi: masomo mawili ya mwaka wa pili yawe na insha ambayo rasimu yake inasahihishwa kabla ya alama, waratibu wa masomo hayo ndio wahusika, lianze muhula ujao, saa za kusahihisha zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa wahadhiri, na baada ya mwaka, sampuli za insha zilinganishwe na za sasa. Kisha mkutano wa idara wa mwaka unaofuata ufunguliwe kwa orodha ya mapendekezo yale yale, kila moja likiulizwa limefikia wapi, na wanafunzi waliojaza dodoso waelezwe nini kimebadilika na nini kimeshindikana, na kwa nini.