Mnyama Juu ya Nyumba: Dhana Potofu Kuhusu Chemsha Bongo ya Mafumbo

Kidokezo kinasema: "Mnyama juu ya nyumba (3)". Kitaje kwenye kijiwe chochote cha kahawa, iwe karibu na Mnara wa Saa pale Arusha au Mbuyuni hapa Moshi, na wa kwanza kujibu atasema paka. Lakini paka ana herufi nne, na mabano yametaja tatu. Jibu ni PAA. Paa ni mnyama wa porini, jamaa ya swala. Na paa ndilo lililo juu ya nyumba. Maneno manne, maana mbili, jibu moja.

Hiyo ndiyo chemsha bongo ya mafumbo, mchezo wa gazetini wa kujaza maneno yanayokutana kwenye jedwali la visanduku. Ile ya kawaida hukuuliza makao makuu ya mkoa wa Kilimanjaro, nawe unajaza Moshi. Hii nyingine hukuonyesha jambo moja huku ikimaanisha jingine. Watu wengi huikimbia kabla ya kuijaribu, na sababu wanazozitoa karibu zote si za kweli.

"Hiyo ni ya wasomi"

Wanaosema hivi huegemea methali: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Basi anayeshindwa mara ya kwanza anajihesabu upande wa wajinga na kufunga gazeti. Ni hasara, maana werevu unaotakiwa hapa si wa vyeti. Chukua hiki: "Fanya kazi shambani ndani ya Kilimanjaro (4)". Mwenye maarifa mengi ataanza kuwaza kihamba, kahawa, migomba na mifereji ya Wachaga. Maarifa yote hayo ni mazuri, na hapa hayamsaidii kitu. Jibu limelala ndani ya neno lenyewe: kiLIMAnjaro. LIMA. Mtu aliyeishia darasa la saba, ukimwambia asome herufi na si habari, analiona sawa na mwenye shahada, na pengine analiona mapema zaidi kwa sababu hana mengi ya kumpoteza njiani.

Ndiyo, ni kweli kwamba Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph la Uingereza liliandaa shindano la kujaza chemsha bongo kwa dakika zisizozidi 12, na baadaye baadhi ya walioshiriki wakaitwa kufanya kazi ya kuvunja maandishi ya siri ya adui kule Bletchley Park, kituo cha siri cha Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kisa hicho hupendwa sana na wanaotaka kuuonyesha mchezo huu kuwa wa vichwa adimu. Lakini pale ilipimwa kasi, tena wakati wa vita. Wewe hakuna anayekushikia saa. Fumbo la asubuhi unaweza kulimaliza jioni, au kesho.

"Ni kitendawili tu, kila mtu na jibu lake"

Hapa ndipo penye kosa kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Tunajibu yai kwa sababu bibi alituambia ni yai. Mgeni akisema kaburi, utamkatalia, lakini huwezi kumthibitishia kuwa amekosea. Unachoweza kumwambia ni kwamba sisi huku tunasema yai. Ndiyo maana aliyeshindwa hutoa mji, mtegaji akaenda akala akashiba, kisha akataja jibu. Kitendawili kinakupa maelezo ya upande mmoja tu.

Kidokezo cha mafumbo kina pande mbili, na zote mbili lazima zifike kwenye neno lilelile. Upande mmoja ni maana ya jibu, na maana hiyo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, kamwe haikai katikati. Upande wa pili ama ni maana nyingine ya jibu hilohilo, kama kwa paa, ama unakuelekeza jinsi ya kuliunda neno herufi kwa herufi. Mfano: "Palipochimbwa pameivuruga Moshi (5)". Ukikisoma kama habari, utaona barabara iliyofukuliwa, magari yamekwama, mji mzima umetaharuki. Iache picha hiyo. "Palipochimbwa" ni maana. "Pameivuruga" ni amri ya kuchanganya herufi. "Moshi" ndizo herufi za kuchanganywa. M, O, S, H, I zinatoa SHIMO. Huwezi kuja na neno "handaki" ukatetea, kwa sababu herufi zake hazitoki Moshi.

Sasa liondoe neno "pameivuruga", ubaki na "Palipochimbwa, Moshi". Jibu bado linaweza kupatikana kwa bahati, lakini kidokezo kimekuwa cha dhuluma: hakuna mahali mtunzi alipokuambia uchanganye herufi. Kanuni ya haki katika mchezo huu iliwekwa wazi mwaka 1949 na mtunzi Mwingereza aliyejulikana kwa jina la Afrit: mtunzi halazimiki kumaanisha anachosema, ila analazimika kusema anachomaanisha. Anaruhusiwa kukupoteza kwa picha. Haruhusiwi kukuficha maelekezo.

Kwa hiyo anayesema "kila mtu na jibu lake" amekutana ama na kidokezo kibovu, ama na kizuri ambacho hakukifikisha mwisho.

"Kiswahili hakiwezi kubeba mambo hayo"

Mzee mmoja wa Majengo aliwahi kuniambia, "Mwanangu, hayo ni ya Kiingereza. Kiswahili ni lugha ya kusema wazi." Namheshimu, lakini hapa sikubaliani naye hata kidogo. Lugha inayoandika mafumbo kwenye pindo la kanga, lugha ambayo washairi wake wamefumbiana na kufumbuliana magazetini kwa miaka mingi, leo tuiambie haiwezi mafumbo? Watoto wenyewe wana mchezo wa kinyume, wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza: nyumba inakuwa mbanyu. Fanya hivyo kwa Moshi uone: shimo lilelile.

Tuna maneno yenye maana mbili, tatu, nne, kiasi cha kumtosha mtunzi yeyote. Kaa la moto, kaa wa baharini, kaa kitako. Mbuzi wa zizini na mbuzi ya kukunia nazi. Chungu cha kupikia, chungu wa kutambaa, dawa chungu. Na tazama hiki: "Mabara mawili yameungana sawasawa (8)". Bara na bara zikiungana ni BARABARA, yaani sawasawa. Tukitamka tunatofautisha kwa mkazo barabara ya magari na barabara ya kukubali jambo, lakini kwenye maandishi hakuna tofauti, na mtunzi anaitumia nafasi hiyo.

Kuna tunachokikosa. Kiingereza kina maneno mengi yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti, na watunzi wao huyatumia kila siku. Sisi tunaandika kama tunavyotamka, hivyo mlango huo kwetu ni mwembamba. Lakini tuna ngeli, ambazo kwa mfumbuaji ni msaada mkubwa: maana ikiwa "vya kukalia", tayari unashuku jibu linaanza na VI, na usipotaka kubahatisha unaweza kuziandika kwa penseli. Maana ikiwa "kupika kwa mvuke", jibu litaanza na KU. Mtunzi anayevunja upatanisho huo ametunga vibaya, hata kama herufi zake zimekaa sawa.

Tatizo la kweli la Kiswahili liko kwenye jedwali, na ajabu ni kwamba wanaoibeza lugha hawalitaji kabisa. Katika majedwali ya mtindo wa Kiingereza, neno huingiliana na mengine takriban kila baada ya kisanduku kimoja. Maneno yetu hupishanisha konsonanti na irabu. Basi BARABARA ikiingiliwa kwenye kisanduku cha pili, cha nne, cha sita na cha nane, unapata A, A, A, A, ambazo hazikuambii kitu. Ikiingiliwa kwenye cha kwanza, cha tatu, cha tano na cha saba, unapata B, R, B, R, na neno karibu linajitaja. Mtunzi wa Kiswahili inabidi ahakikishe konsonanti ndizo zinazokutana, au abane jedwali lake zaidi. Ni kazi ya ziada, lakini inawezekana.

"Ukieleza jibu unaharibu utamu"

Wengine hata hukasirika ukianza kueleza. Mimi naona kinyume: jibu lisiloelezwa bado ni dhana. Kidokezo: "Na ikipinduka ndani ya maji, chakula cha ng'ombe (6)". Mfugaji yeyote wa ng'ombe wa ndani huku Uchagani, anayeamka kwenda kukata majani, atasema MAJANI, na atakuwa amepatia. Pumba ni herufi tano, mashudu ni saba. Lakini muulize: hiyo "ikipinduka" imefanya kazi gani? Na maji yameingiaje?

Maelezo kamili ni haya. "Chakula cha ng'ombe" ni maana. "Na", ambayo macho yanaipita kama kiunganishi, ni herufi mbili, N na A. Ikipinduka inakuwa AN. "Ndani ya maji" inakuamuru uitie kwenye neno MAJI: MAJ, AN, I. Hakuna neno hata moja la kidokezo lililobaki bila kazi, na hicho ndicho kipimo. Likibaki neno linaloning'inia, ama jibu lako si lenyewe, ama mtunzi amezembea. Na ni kwa kusoma maelezo ya namna hii, si kwa kukariri majibu, kwamba mtu asiyejua kitu anaanza kuziona amri: "pinduka", "vurugika", "ndani ya", "imemeza", "bila kichwa".

"Ni mchezo wa kale wa Waingereza"

Si wa kale, na mwanzo wake haukuwa Uingereza. Chemsha bongo ya kwanza ya maneno yanayokutana ilitoka Marekani, katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Aliitunga Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Mtindo wa mafumbo ndio uliokulia Uingereza katika miaka ya 1920, hasa mikononi mwa Edward Powys Mathers, aliyetungia The Observer kwa jina la Torquemada tangu 1926 hadi alipofariki mwaka 1939. Gazeti la The Times lilianza kuchapa lake Februari 1930. Kwa umri huo, bao letu ni babu yake mara nyingi.

"Kufungua kamusi ni kuiba"

Hapana. Kamusi itakuambia kwamba paa ni mnyama na ni sehemu ya nyumba. Haitakuambia kwamba mtunzi anavitaka vyote viwili kwa pamoja. Ifungue.