Utawala wa lishe: nani hasa wa kuulizwa mtoto akidumaa?

Ukisema "utawala" pale Mkunguni, mjini Lamu, mtu humwaza chifu, baraza na bendera. Ukisema "lishe", mawazo hukimbilia jikoni, kwenye samaki, nazi na mboga. Ndiyo maana maneno haya mawili yakiwekwa pamoja huonekana hayana ujamaa. Lakini dhana yenyewe ni nyepesi. Utawala wa lishe ni utaratibu unaoamua nani afanye nini ili mama na watoto wasipungukiwe na chakula bora na virutubisho: nani mwenye kauli ya mwisho, fedha zimo katika fungu gani na zinatoka lini, kazi inapimwaje, na aliyeshindwa kuifanya anaulizwa na nani. Samaki si utawala wa lishe. Utepe wa kupima mkono wa mtoto nao si utawala wa lishe. Utawala ni kile kinachoufikisha utepe huo kisiwani Kiwayu, na kuhakikisha kwamba muuguzi akiona rangi nyekundu ana cha kumpa mtoto siku hiyo hiyo.

Kwanza tujue kinachotawaliwa. Upungufu wa lishe una sura kadhaa, na kuzichanganya ni kosa la kwanza la mipango mingi. Udumavu ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake. Hujengeka polepole, hasa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili. Ukondefu ni mtoto kuwa mwembamba kuliko urefu wake. Huja upesi, baada ya njaa au maradhi, na ndio unaoua upesi. Utepe wa mkono hushika ukondefu: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, na kuanzia 12.5 ni kijani. Kisha kuna upungufu wa madini na vitamini, ambao mtoto anaweza kuwa nao na bado akaonekana mnene. Ukondefu hupigiwa makelele kwa sababu unapigwa picha. Udumavu haupigiwi, kwa kuwa mtoto mfupi husemwa tu kwamba amefuata kwao.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 26 mwaka 2014. Hayo ni mafanikio. Ila kaunti iliyoongoza kwa udumavu nchini ilikuwa Kilifi, kwa asilimia 37, na Malindi imo ndani yake. Kilifi hiyo hiyo ina kituo cha utafiti wa tiba kinachojulikana duniani, kilichoanza 1989, na miongoni mwa mambo ambayo wataalamu wake wamekuwa wakiyachunguza ni utapiamlo wa watoto. Kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba elimu ilikosekana. Kilichopungua kiko baina ya elimu na mtoto, na hapo ndipo utawala unapoingia.

Chukua mfano wa kijiji cha wavuvi katika visiwa vya Lamu, Kizingitini au Ndau. Samaki wapo. Lakini samaki wazuri hupanda boti wakauzwe, na mtoto wa miezi minane hunyweshwa uji wa mchele mwepesi kama maji, usio na kitu ndani. Maji ya kisima yana chumvi, ya kunywa hununuliwa au hukingwa mvuani, kwa hiyo ya kunawa mikono hubaniwa. Mtoto huharisha, na alichokula hakikai. Mama ana mimba nyingine na damu imempungua. Kusi likivuma, bahari huchafuka, wenye vyombo vidogo hawatoki, na pesa za nyumbani hukauka. Sasa hesabu ofisi: uji na kuhara ni za afya, samaki ni wa idara ya uvuvi, kisima ni cha idara ya maji, mboga ni za kilimo, chekechea ni ya elimu. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, huduma hizi kwa sehemu kubwa ni za kaunti. Zote zinamgusa mtoto huyu. Hakuna hata moja itakayofukuzwa kazi akidumaa.

Wahenga wa pwani walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwenye lishe mambo ni kinyume: mabaharia ni tele, kila mmoja ameshika kamba yake, na msukani hauna mtu.

Dawa inayotajwa kila mara ni kamati ya idara zote. Kamati ni sawa, lakini hufa kwa sababu moja inayojulikana: mwenyekiti wake ni wa ngazi ile ile na wajumbe. Afisa wa lishe wa kaunti hawezi kumwamrisha mkurugenzi wa maji. Anaweza kumwalika kikaoni, na mkurugenzi atamtuma msaidizi, na msaidizi atasema atapeleka habari. Kamati inayofanya kazi huongozwa na mtu aliye juu ya idara, yaani gavana au katibu wa kaunti katika kaunti, na kwa taifa ofisi iliyo juu ya wizara. Zaidi ya hapo, maazimio yake huwa na jina la mtu, tarehe na kiasi cha fedha. Azimio linalosema "idara zishirikiane" ni sawa na kutoazimia.

Peru ni mfano unaofaa kutazamwa. Mwaka 2006 mashirika yaliwafanya wagombea urais watie saini ahadi moja fupi: kupunguza udumavu kwa pointi 5 ndani ya miaka 5, kwa watoto walio chini ya miaka 5. Ufupi huo ulikuwa na maana, kwani hata mtu asiye mtaalamu angeweza kuikumbuka na kuidai. Baada ya uchaguzi kazi ilisimamiwa kutoka ofisi ya waziri mkuu, na kuanzia 2008 wizara ya fedha ikaunganisha bajeti na matokeo: siyo semina ngapi zimefanyika, bali watoto wangapi wamekamilisha kliniki za kupimwa ukuaji na chanjo zao. Udumavu ulishuka kutoka asilimia 28 mwaka 2008 hadi karibu 13 mwaka 2016. Uchumi wa nchi ulikuwa ukikua wakati huo, na hilo lilisaidia. Lakini uchumi ulikuwa umekua kabla yake pia, na udumavu ulikuwa haujasogea sana.

Kwetu, haki imeandikwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Serikali ya taifa hutunga sera, kaunti hutekeleza. Mpasuko hutokea pale sera inaposhuka kutoka Nairobi bila fedha zake, na kaunti ikaipokea kama waraka wa kuhifadhi.

Fedha, basi. Watu wengi wenye nia njema hushindwa hapa, kwa sababu huja wakati mlango umeshafungwa. Bajeti ya kaunti ina ngazi, na ngazi moja ikirukwa haipandiki tena mwaka huo. Juu kabisa ni mpango wa miaka mitano wa maendeleo ya kaunti. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kama lishe haimo humo kwa jina lake, haina pa kushikia. Kutoka kwenye mpango huo hutolewa mpango wa mwaka, unaofikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Kisha waraka wa mkakati wa fedha, kabla ya 28 Februari: huu ndio unaoweka kiwango cha juu ambacho kila idara inaweza kupewa. Makadirio yenyewe hufika bungeni kabla ya 30 Aprili, na hupitishwa kabla ya 30 Juni, mwaka mpya wa fedha ukianza 1 Julai. Mikutano ya hadhara inayojaa watu mara nyingi ni ile ya makadirio. Lakini kufikia hapo viwango vya idara vimekwisha kuwekwa, na kudai fedha za lishe ni kudai zipunguzwe za mtu mwingine ndani ya idara ile ile. Anayetaka kubadili kitu aende Februari.

Jambo jingine ni jina la fungu. Lishe ikifichwa ndani ya "huduma za kinga na uhamasishaji", haiwezi kufuatiliwa: mwaka ukiisha utaambiwa fedha zimetumika, na kweli zimetumika, kwa jambo jingine. Iwe na mstari wake. Na hata hapo, kutengewa si kupewa, na kupewa si kutumia. Hizi ni tarakimu tatu tofauti. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazotoka kila robo ya mwaka, huonyesha kilichotengwa, kilichotolewa na kilichotumika kwa kila kaunti.

Tuchukue hesabu moja ili ionekane makosa huingilia wapi. Tuseme kaunti ina watoto 20,000 wa umri wa miezi 6 hadi 59, na upimaji umeonyesha mtoto 1 katika kila 100 ana ukondefu mkali. Siku ya upimaji wako 200. Mhasibu asiyejua lishe ataagiza chakula-tiba, yaani chakula cha pakiti cha kumponya mtoto aliyekonda sana, cha watoto 200. Lakini upimaji ni picha ya siku moja, na mwaka mzima wengine huingia. Kawaida ya wataalamu ni kuongeza wagonjwa wapya sawa na mara 1.6 ya wale wa siku moja, yaani 320, jumla 520. Kama vituo vinatarajia kuwafikia nusu yao, ni watoto 260. Mtoto mmoja hupigiwa hesabu ya katoni moja ya pakiti 150, kila pakiti gramu 92 zenye kilokalori 500. Hivyo zinahitajika katoni 260, na siyo 200, tena kwa lengo la kufikia nusu tu. Pengo hilo hujitokeza miezi ya mwisho ya mwaka wa fedha, Aprili hadi Juni, ambayo Lamu ndiyo miezi ya mvua za masika na kusi. Pakiti zikiisha Faza wakati huo, mzigo uliobaki uko ng'ambo ya maji. Bajeti iliyonakiliwa kutoka kaunti ya bara huandika mafuta ya gari. Huku panatakiwa mafuta ya boti kutoka Mokowe, nahodha, na ghala kisiwani la kuweka akiba kabla bahari haijachafuka. Ni mstari mdogo wa bajeti, na bila huo mingine yote hugota gatini.

Upande wa dunia unaelezeka kwa ufupi zaidi, ingawa una mashirika mengi kupita kiasi. Mwaka 2012 Baraza la Afya Duniani liliweka malengo sita ya lishe ya kufikiwa 2025, la kwanza likiwa kupunguza kwa asilimia 40 idadi ya watoto waliodumaa. Hayakufikiwa; makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa 2024 yalikuwa watoto milioni 150.2 waliodumaa na milioni 42.8 wenye ukondefu. Vuguvugu la SUN (Scaling Up Nutrition) lilianzishwa 2010 kuzileta serikali, wafadhili na asasi kwenye meza moja, na Kenya ikajiunga 2012. Mikutano ya ahadi ilifanyika London 2013, Tokyo 2021 na Paris 2025. Udhaifu wa ngazi hii ni kwamba anayeahidi hana wa kumshtaki akivunja ahadi. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, nchi nyingi ziligundua kwamba chakula-tiba chao kilikuwa kikinunuliwa na bajeti isiyo yao. Huo nao ni utawala: kujua ni mstari upi unaweza kufutwa na serikali ya nchi nyingine, na kuuhamishia nyumbani kidogo kidogo kabla haujafutwa.

Yako mambo ya dunia yaliyoshuka hadi dukani, hata hivyo. Kanuni ya kimataifa ya 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa ya kopo ilikuja kuwa sheria ya Kenya mwaka 2012, na kwa hiyo duka la Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, laweza kuyauza maziwa ya watoto wachanga lakini haliruhusiwi kuyapigia debe. Mwaka huo huo Kenya ililazimisha unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani, pamoja na mafuta ya kupikia, viongezwe virutubisho. Sheria nzuri, ila iliandikwa na watu wa ugali. Mchele haumo. Mwamu, yaani mtu wa Lamu, anayekula wali mchana na usiku huguswa na sheria hiyo kupitia mafuta, chapati na mahamri tu. Kaunti inayojua watu wake wanakula nini ingeliona hilo mapema, ikatilia nguvu vidonge vya madini ya chuma kwa waja wazito na matone ya vitamini A wanayopewa watoto kila miezi sita.

Basi ukitaka kujua kama utawala wa lishe upo mahali ulipo, nenda zahanati uulize mambo mawili: pakiti za chakula-tiba ziliisha lini mara ya mwisho, na zilipoisha aliandikiwa nani barua. Swali la kwanza aghalabu hujibiwa papo hapo, kwa sababu daftari la stoo lipo. La pili ndilo la kusubiri jibu.